Toka Kalemie Mpaka Lubumbashi, Maji Mudomoni

Ndege toka Kalemie mpaka Lubumbashi inachukua saa moja na nusu. Njo vile niliambiwa, na ilikuwa kweli, sina neno na ndege. Kilometa mia sita na kitu, bwana ya mutoto wa dada yangu alinisomea ku telefoni, sawa muntu anasoma tangazo ya kanisa. Mi nilisoma miaka tatu ya primere ku Swima, kisha baba akasema nyavu haiombake kitabu. Munisamehe basi nikitoka ku njia. Naandika vile naongeaka. Na kuongea njo ugonjwa yangu, na ugonjwa hiyo njo iliniingiza ku ndege.

Lakini nianze ku jiwe.

Ku Swima, juu kidogo ya nyumba ya bibi yangu, maji ilikuwa inatoka yenyewe chini ya jiwe kubwa. Hakuna muntu aliyeichimba. Tulikuwa tunaiita kisima tu. Asubui tulikuwaka tunateremuka na maji ku kichwa, batoto saba ao munane, na mi nilikuwa naongea toka jiwe mpaka mulango ya bibi. Bibi alichoka. Siku moja akaniambia: «We, jaza maji ku mudomo, usimeze. Tembea nayo hivyo mpaka hapa. Ukifika nayo, utakula samaki ya mukeke. Ukimeza, utakula bugali na chumvi.» Toka jiwe mpaka mulango, muntu mukubwa anatembea wakati ya kupika chai, haipite. Nilikula bugali na chumvi mwaka muzima. Siku ingine nilimeza juu ya kucheka, siku ingine juu mbuzi ya jirani ilipita na nilikuwa na neno ya kusema juu yake.

Bon. Dada yangu tulitoka naye tumbo moja, na yeye alizaa mutoto mumoja tu, mwanamuke. Kwetu Babembe, baba anakupa ukoo na shamba, lakini mujomba iko na mudomo. Mutoto akienda safari kubwa, akiolewa, akigonjwa, mujomba anajaza maji mudomoni, anasema maneno yake ndani ya roho, kisha anamupulizia nayo ku kifua. Na kama mujomba alisema neno mubaya ya hasira, hakuna pasta, hakuna padri, hakuna shehe anaweza kuiondoa. Yeye mwenyewe njo anairudishia na maji.

Neno mubaya, niliisema. Siifiche.

Mutoto ule alienda kuishi Lubumbashi, akapata bwana kule. Bakatuma habari kwa kila muntu, isipokuwa mi. Labda ilikuwa kusahau, labda namba yangu ya telefoni ilikuwa imebadilika, mi nabadilishaka namba sana. Habari ya ndoa niliisikia ku mwalo wa Baraka, bamama banashusha ndagala ku boti. Mumoja akaniambia, «Mujomba, tunakula wapi mbuzi?» Nikauliza mbuzi gani. Bakacheka. Na mi, juu ya haya, nikasema kwa sauti ili na benye kuwa ku boti basikie: «Basi azalie huko huko bila mujomba. Tutaona nani atamupokelea mutoto.» Bakacheka zaidi. Na mi nilicheka. Nilirudi kulala muchana, sikuwa na kitu ku roho.

Mimba ya kwanza ikatoka. Ya pili ikatoka. Ya tatu ilikaa miezi tano, ikatoka.

Hakuna muntu aliniambia kitu. Dada yangu aliacha tu kunitumia sombe yake ya majani ya muhogo siku ya yenga, bantu bakitoka kanisa. Alikuwa ananitumia sombe kila yenga toka siku muke wangu alikufa, ndani ya sahani moja ya rangi ya kijani, na mufuniko. Sahani haikukuja tena. Mi mwenyewe nilienda kumuuliza kama iko mugonjwa. Akasema haiko mugonjwa. Tukaangalia kuku zake. Nikarudi.

Kisha telefoni ikakuja toka Lubumbashi. Mutoto iko na uvimbe ku tumbo, damu inatoka, munganga anataka kumupasua. Na munganga amesema mbele, kabisa, bila kuzunguka: inawezekana bataondoa kizazi. Mutoto amekatala. Amekatala mara mbili, bamemuandalia meza ya kupasulia na amekatala. Anasema hapande ku meza ile bila maji ya mujomba. Munganga amesema siku ya ine ya wiki yenye kukuja itakuwa mwisho, akipita hapo yeye hataweza kujibu juu ya damu ile.

Dada yangu alikuja kwangu Baraka asubui, akabaki wima ku mulango. Nilimupa kiti, hakuikala.

«Mudomo yako njo iliharibu,» akasema. «Mudomo yako itaenda kutengeneza.»

«Siwezi kumuombea ku telefoni?»

«Telefoni inatemaka maji?»

Yeye njo alipanga yote: maji itoke ku jiwe ya Swima, pale bibi yetu alikuwa anatuogeshea, isikuwe maji ya ziwa wala ya pompe. Bwana ya mutoto akatafuta tikiti. Njia ya kaskazini, Uvira na Bukavu, na vita hii, nani angeithubutu? Kwa hiyo tukahesabu kusini: boti mpaka Kalemie, kisha ndege ya siku ya tatu.

«Ndege ni saa moja na nusu tu, mujomba,» bwana yake akaniambia. «Ukipanda, umefika.»

Baba yangu, wakati ya makasia, alikuwaka anasema Kalemie iko mbali kulala mara ine, upepo ikiwa muzuri. Hakuna muntu alikuwa anahesabu kilometa. Ukiulizwa mbali, ulikuwa unasema umelala wapi na wapi, na kwa nani.

Mwenye boti ni rafiki yangu wa ujana, Muislamu wa hapa hapa ku mwalo. Yeye anasali, mi nakunywa, na hatujawahi kugombana. Aliniweka mbele, juu ya mifuko ya muchele, na chupa yangu ya plastiki, yenye maji ya jiwe, ndani ya koti. Tulitoka siku ya kwanza asubui, upepo ikatukatalia, tukalala ku kijiji moja ya pwani, tukafika Kalemie siku ya pili jua ikiwa inashuka. Kilometa mia mbili ya maji, siku mbili. Nilikuwa naifikiri ile yote njiani: mia mbili, siku mbili, mia sita, saa moja na nusu. Nikaona muzigo muzito umeshakwisha. Rafiki yangu aliniambia, «Usishangilie ndege kabla haujaishuka.» Nikamwambia yeye ni muntu wa boti, iko na wivu.

Ku kiwanja ya ndege, kifuko yangu ya nguo ilichukuliwa kwanza, ikaenda na kariole, kigari ya mizigo. Chupa nilibaki nayo ku koti, juu sikutaka ianguke. Hapo njo kosa. Kuko mulango moja unapita, na mama mumoja kijana wa uniforme akaigusa ku koti.

«Hii nini, papa?»

«Maji.»

«Maji haiingie.»

«Ni maji ya mugonjwa.»

«Ya mugonjwa ao ya muzima, haiingie. Kunywa ao acha.»

Rafiki yangu alikuwa nyuma ya kamba. Akapaza sauti: «Binti yangu, muzee huyu ametoka Baraka na maji ile.»

«Kwani Kalemie hakuna maji, papa? Ukimuhurumia, mukunywe pamoja.»

Bantu nyuma yangu bakaanza kusukuma. Mumoja akasema, «Muzee, na sisi tuko na safari.» Kifuko ilikuwa imekwenda, siwezi kuiitia irudi. Nikauliza mama ule: «Ndege ya Lubumbashi inakaa hewani wakati gani?»

«Saa moja na nusu.»

Sijui nani alinipa akili ile. Nafikiri ni bibi. Nilifungua chupa, nikajaza mashavu mpaka macho ikasimama, nikamuachia chupa na mabaki yake. Mama ule alicheka. Kisha akaniangalia tena na akaacha kucheka. Alinipitishia mwili muzima kitu yake ile inaliaka ikikuta chuma, haikulia. Akasema kwa mwenzake, «Mudomo haiko ku lisiti ya bitu bya kukatazwa.» Nikapita. Nyuma nilisikia rafiki yangu amekamata telefoni, anaambia bwana ya mutoto: «Muzee wenu anakuja na maji mudomoni. Asante Mungu. Muntu asimusemeshe.»

Nilikuwa nimehesabu hewa tu. Hakuna muntu alinihesabia kiti. Tuliikala ku chumba ile, jua ikapanda ku dirisha, ndege ikafika, bakashusha bantu, bakaosha, bakaweka mafuta, na mi nakohoa ku pua. Kisha tulisimama ku mustari. Kisha tulipanda, mulango ikafungwa, na bado tuko chini. Nikisema nilikaa saa moja mbele ya kuruka, sisemi uongo.

Kando yangu kulikaa mama moja munene na biblia.

«Papa, ni mara yako ya kwanza?»

Nikaitika na kichwa.

«Unaogopa?»

Nikakatala na kichwa. Aliniuliza kama natoka Kalemie, kama niko na batoto, kama mi ni muprotesta. Kichwa, kichwa. Akaniangalia na huruma, akaniwekea mukono ku goti. «Bwana anasikia hata bubu,» akasema. Na toka hapo, juu bubu haisambazake habari, akanifungulia yote. Anatoka kwa mutoto wake wa kiume, muke wa mutoto anapika bizuri, na njo hiyo inamuumiza, juu mutoto haombi tena chakula ya mama. Alilia kidogo. Nilikuwa na majibu tatu ya kumupa, moja ilikuwa muzuri sana. Zote nilizibakiza. Naona ilikuwa mara ya kwanza ku maisha yangu kusikiliza muntu mpaka mwisho.

Na maji, nikueleze, haikaake vile vile. Inazaa. Mate inaongezeka, mashavu inauma sawa umepigwa, ulimi haijui ikae wapi. Ikafika pale nikaanza kujiuliza: hii sasa ni ya Swima, ao ni yangu? Mushichana wa ndege akaleta jus. Nikakatala na kichwa. Chini, ziwa ilikuwa imebaki nyuma, kulikuwa pori tu, pori, na barabara nyekundu moja haina muntu. Nilikuwa nasema ndani ya roho maneno mbili ya kumupulizia mutoto, nisiisahau: uzima na uzao. Uzima na uzao.

Nilifika nayo karibu kabisa, wasomaji. Mama wa biblia alikuwa amekwisha kufunga mukaba na kusema tunashuka. Hakuna muntu aliniambia habari ya masikio. Ndege ikiteremuka, kitu inakuingia ku sikio sawa musumari, na koo inameza yenyewe, haikuulize. Nilisikia maji inaenda. Nilijaribu kushika ile ya mwisho chini ya ulimi, nayo ikafuata. Labda tulibakiza dakika kumi.

Nilibaki na mashavu imejaa hewa. Sijui juu ya nini sikuyaacha.

Lubumbashi ilikuwa baridi, bantu bote bamevaa makoti. Bwana ya mutoto alikuwa anangoja inje ya mulango. Aliponiona, akaweka kidole ku mudomo yake, «sss», akainama, akanikamata mukono na mikono mbili sawa unakamata mufalme. Ningefungua mudomo hapo. Ningesema tu: imekwenda. Lakini alikuwa anaongea yeye, ndani ya gari, njia yote: «Mujomba, sikuamini. Nilimuambia muke wangu, mujomba wako ametoka Kalemie na maji mudomoni, akacheka mara ya kwanza toka wiki mbili. Ameshavaa kanzu ya kupasuliwa. Amesema sawa, anapanda.» Na mi pale, mashavu imejaa hewa, naangalia manyumba.

Nilijiambia nanyamaza juu ya mutoto: nikisema, atashuka ku meza, na damu inatoka. Hiyo ni kweli. Ingine pia ni kweli: nilikuwa nimekwisha kuinamiwa, na nilipenda.

Ku lopitali nilionyesha na mukono kama nataka kukojoa. Nyuma kulikuwa robine, bomba ya maji, bamama banafulia mashuka ya bagonjwa. Nikainama, nikajaza. Maji ile ilinikata meno. Sisi bantu ya ziwa hatujuake maji baridi ya vile. Mama moja aliacha kufua, akaniangalia, kisha akarudilia mashuka yake.

Mutoto wangu alikuwa amekonda. Sikumuona toka alikuwa na miaka kumi na sita. Bwana yake akasema kwa bainfirmiere, bauguzi bote ba pale, «Toka Kalemie, hajameza,» na mumoja akapiga makofi kidogo. Nilisema maneno yangu ndani ya roho, mbili, uzima na uzao, nikamupulizia ku kifua. Akashituka. Akafunga macho, akafungua, akaniangalia wakati kidogo.

«Aksanti, mujomba,» akasema. Kisha kwa bale benye kusukuma kitanda: «Tuende.»

Tulingoja mpaka jua ikapita upande ingine ya kiwanja. Munganga akatoka. Iko muzima. Kizazi, bameondoa. Bwana yake aliikala chini, ku simenti, na koti yake muzuri. Mi nilibaki wima. Maneno mbili, na moja tu ilipita. Najua munganga alisema mbele. Najua, nilisikia na masikio yangu ku telefoni, mbele hata sijaenda Swima. Lakini we lala na hiyo.

Nilirudi Baraka. Dada yangu akaniita ku mulango yangu mbele ya majirani, akasema, «Umetengeneza.» Yenga ile sahani ya kijani ikakuja, na sombe, na mufuniko. Inakuja mpaka leo. Nakula, juu nisipokula atauliza.

Sikumuambia muntu. Mi, muntu wa kuongea. Hata rafiki yangu wa boti, ambaye anahadisia ku kila mwalo toka hapa mpaka Moba muzee aliyeruka na maji mudomoni, namuacha ahadisie. Bantu banakuja kuniangalia mashavu.

Mvua ilikuwa imeanza wakati mutoto alinipigia. Yeye peke yake, bwana yake alikuwa ku kazi. Tuliongea ya afya, ya mama yake, ya kovu. Kisha akasema: «Mujomba, nikuulize kitu.»

«Uliza, mama.»

«Toka Kalemie mpaka hapa, maji inakaa mudomoni wakati gani?»

«Saa moja na nusu. Na kungoja, na gari, inapita tatu.»

«Na inabakia baridi?»

Nilikuwa ndani ya nyumba. Nikatoka inje na telefoni, nikaingia tena.

«Ilinichoma kifua,» akasema. «Niliikala ku lopitali ile wiki mbili, nilioga na robine yao kila asubui. Naijua.»

«Kwa nini basi ulikubali kwenda?»

«Munganga alikuwa ameshanawa mikono.» Akaongeza: «Na we ulikuwa umekuja.» Kisha: «Ile ya Swima ilienda wapi?»

«Niliimeza.»

«Yote?»

«Yote. Tulibakiza kidogo kufika.»

Nilisikia gari inapita kwake, na muntu anauzisha mukate. Nilitaka kumuomba musamaha, na nilikuwa nayo maneno, lakini kila moja ilikuwa imeshatumika ku bitu bidogo. Alipoongea, sauti yake ilikuwa ya muntu anapanga kazi.

«Mama asijue.»

«Hatajua.»

«Na usiniletee ingine. Nikipata nguvu, nitakuja mwenyewe ku jiwe. Toka hapa mpaka pale, ni mbali gani?»

Nikamuhesabia, na mara hii sikuruka kitu. Saa moja na nusu ya ndege. Saa moja ya kuikala ku kiti mbele ya ndege, ao zaidi. Masikio wakati inashuka, nikamuambia ameze mate, asiogope. Kulala Kalemie kwa kungoja boti, kisha ziwa, siku mbili, tatu kama upepo imekatala, na saa ingine basoda, baaskari, ku mwalo banashusha bantu na kuuliza maswali. Kisha Baraka mpaka Swima, na barabara iko vile iko. Kisha kupanda na miguu, na jiwe iko juu, na kovu yake bado mupya. Na nyumba ya bibi haiko tena, nikamuambia hiyo pia, mulango haiko, kuko nyasi.

«Iko mbali, mujomba.»

«Iko mbali,» nikamuambia.

Toka siku ile tunaongea, lakini hajarudilia ile ya kukuja, na mi sijamuuliza. Wiki kwa wiki napanda Swima na panga, nakata nyasi ku njia ya kisima. Inaota haraka sana wakati hii ya mvua.